Uzi wa vyakula vya Ramadhani, Idd na misimu yetu Unguja na Pemba: nani anakumbuka embe kavu?

BintiWete

Asalaam aleikum wandugu.

Ramadhani ya mwaka jana, 2025, nilikwenda Wete kufunga kumi la mwanzo na mama. Nilikwenda na hamu moja tu: muhogo na papa kama ule wa bibi, niliokula 1992 nikiwa na miaka minane, mwaka wangu wa kwanza kufunga mwezi mzima. Muhogo tuliupata, papa mkavu tulimpata sokoni, nazi tulizikuna wenyewe kwa mbuzi na kulitenga kasimele, lile tui zito la kwanza, pembeni. Magharibi ikaingia, tukafungua kwa tende na maji, tukaswali, tukavuta sinia. Mama akatia tonge la kwanza, akatulia.

"Si huu," akasema. "Kuna kitu hakimo."

Tulikuja kukijua usiku wakati wa daku. Embe kavu. Bibi alikuwa na chupa kabatini, imejaa vipande vya embe mbichi vilivyokaushwa, rangi ya kahawia, vina chumvi. Akipika papa hutia vipande vitatu vinne, na mchuzi ule ukawa na ukali ambao ndimu haiutoi. Sisi tulitia ndimu. Mama anaikumbuka chupa, na anakumbuka mbio za kuzianua embe uwanjani mvua ikija. Lakini chumvi kiasi gani, jua siku ngapi, embe za namna gani, hajui. Wakati ule alikuwa na watoto wadogo, kazi yake ilikuwa kuanua. Kukata na kutia chumvi alifanya bibi mwenyewe, na bibi alifariki 2009.

Nilipokuwa kwenye boti narudi Unguja nikaanza kuhesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Kwa hiyo kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma kiasi cha siku kumi au kumi na moja, na inachukua karibu miaka 33 kuzunguka misimu yote na kurejea pale pale. Ramadhani ya 1992 ilianza mwanzoni mwa Machi. Ya 2025 nayo mwanzoni mwa Machi. Yaani nilikuwa nimekaa kwenye mkeka ule ule, wakati ule ule, masika yananukia kwa mbali, na duru nzima imepita.

Sasa tazameni ilivyokwenda ile chupa. Karibu miaka ya themanini yote Ramadhani ilikuwa Juni, ikaja Mei, ikaja Aprili. Ndiyo masika yenyewe na mwanzo wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka. Embe hakuna mtini, bahari imechafuka, samaki mbichi wa kubahatisha. Papa aliyetiwa chumvi na kukaushwa kwa jua la kaskazi, msimu wa joto wa mwanzo wa mwaka, ndiye aliyekuwa kitoweo, na embe zilizokaushwa vuli ndizo zilizompa ladha. Kwa hiyo kila vuli bibi alijaza chupa kwa ajili ya Ramadhani ijayo. Baada ya 1992 mwezi ukaingia Februari, ukaingia Januari, ukaingia Disemba. Embe zimejaa tele! Nani atafungua chupa ya embe kavu na embe mbichi zinaanguka uwanjani? Akaacha kukausha. Hakuacha kwa uvivu wala kwa kusahau, haja ilikuwa imeondoka. Mwezi uliporudi Mei na Aprili, miaka ya 2018 hadi 2022, yeye hayupo na sisi tumeshazoea ndimu.

Hiki ndicho kinachoniuma. Tunasema "chakula cha Ramadhani" kama kwamba ni kimoja, na kumbe Ramadhani zilikuwa nyingi. Kila msimu una futari yake, na mtu hupata kuiona kila moja mara mbili, akijaaliwa umri mara tatu. Kama mapishi ya mzunguko uliopita hayakuandikwa, wa kukukumbusha unaporudi huenda hayupo.

Mimi nimeshuhudia hizi, naziandika kama zinavyonijia.

Ramadhani ya karafuu nimeiona 2013. Ilianza Julai 10, na mjomba alikuwa na mikarafuu yake nje ya Wete. Wachumaji wamefunga na wako juu ya miti. Sisi wanawake tunaanika majamvi asubuhi, jioni tunaanua, na baada ya tarawehe tunakaa kuchambua karafuu na makonyo mpaka macho yanauma. Nani ana nafasi ya kukaanga sambusa? Futari ya shamba ilikuwa uji wa mtama wenye pilipili manga, muhogo uliochomwa kwenye makaa, na dagaa. Muhogo tunaumenya kwa mikono ile ile iliyoshika karafuu mbichi mchana kutwa, na harufu inaingia mpaka ndani ya tonge. Mpaka leo nikinusa karafuu mbichi njaa ya saa kumi na mbili jioni inanishika.

Ramadhani ya masika nimeiona vizuri 2020, ilipoanza mwisho wa Aprili. Ule ndio mwaka wa korona, wengi tulibaki majumbani, na mvua ilikuwa haipumziki. Mkaa ulikuwa umelowa. Nilipika majimbi ya nazi mpaka watoto wakalalamika.

Ramadhani ya embe na duriani nakumbuka ile ya 2000, iliyoanza mwisho wa Novemba. Skuli zimefungwa, tuko nyumbani tangu asubuhi, na adhabu kubwa ni kukaa chini ya muembe na huruhusiwi kula. Bibi alituwekea kila mtu embe yake chini ya kawa, na jina la mtu halikuandikwa wala haikuhitajika. Kila mmoja anaijua yake.

Msimu ule unarudi. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mwanzoni mwa Januari na tena mwisho wa Disemba. Binti yangu atakuwa na miaka kumi na saba. Nataka nimkabidhi daftari, si kumbukumbu nusu nusu kama nilizopata mimi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwenye kujua embe kavu anifundishe, nitamuombea dua. Na kila mmoja aandike chakula cha nyumbani kwao, cha sikukuu au cha msimu wowote, na aseme kilipikwa wakati gani wa mwaka na kwa nini wakati huo. Tumebakisha wiki mbili tuvunje jungu.

BintiKae

Waaleikum salaam dada. Umenigusa. Mimi wa Makunduchi, na kwetu kuna sikukuu inayokwenda kinyume na hiyo hesabu yako: Mwaka Kogwa. Haifuati mwezi. Ni nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, wazee wakiuhesabu kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Mkulima akijua huu ni mwongo wa ngapi anajua apande nini, na nahodha anajua kama upepo umegeuka. Ndiyo maana miaka hii yote Mwaka unatukuta Julai, wakati wa kusi na baridi.

Watu wakija na kamera wanapiga picha wanaume wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto, kisha wanapanda gari zao wakarudi mjini. Jambo kubwa la Mwaka liko majumbani. Siku ile kila nyumba iwe na mgeni. Mama yangu akiona mchana unakaribia na mgeni hajatokea, hutoka barazani akamkamata mpita njia. Kula peke yenu siku ya Mwaka ni jambo la kuogopwa.

Na chakula kinafuata wakati. Julai mpunga wa masika umeshavunwa, kwa hiyo wali wa Mwaka kwetu ulikuwa wa mpunga mpya wa nyumbani, umetwangwa jana yake. Wali wa mpunga mpya unanata kidogo na unanukia wenyewe, hautaki mchuzi mwingi. Kabla ya hapo kuna pepeta: unachukua mpunga haujakomaa sawasawa, unaukaanga, unautwanga ungali moto, unapepeta makapi, unaula na nazi iliyokunwa na sukari. Pepeta ina wiki chache tu katika mwaka. Mpunga ukishakauka shambani, imekwisha. Watoto wangu wameionja mara moja tu, na nasema hili kwa masikitiko.

Mvuvi_Nungwi

Wanawake mmeongea, na sisi wa baharini tuna letu.

Idd el Fitri siku zote ni mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua, maji yakijaa na kupwa kuliko kawaida. Hapa kwetu bamvua maji hukupwa kwa nguvu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kwa hiyo siku mbili tatu za kumaliza mwezi, iwe kaskazi au kusi, mwamba unabaki wazi mbali kabisa na watu wanashuka kutafuta pweza. Marehemu mama yangu hajapata kupika Idd bila pweza wa nazi, na mimi nilidhani ni mapenzi yake tu. Nilipoanza kuvua mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba bahari ilikuwa ikimletea. Idd el Hajj iko tarehe kumi, maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yametoka kupita, mwamba haujafunguka vizuri. Na siku hiyo nani anataka pweza, nyama imejaa.

Dagaa nao wana lao. Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Ramadhani ikifika kumi na nne, kumi na tano, mbaamwezi inawaka, dagaa wanapungua sokoni. Mama akiniambia "kula dagaa leo, wiki ijayo hakuna", ilikuwa hesabu hiyo.

Siku hizi vijiji kadhaa, huku na Pemba, vinafunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu pweza wakue. Mwanzoni nilipinga. Nilipoona wanaotoka siku ya kufunguliwa nikanyamaza.

Kwa wanaopika: pweza apigwe kwanza mpaka alainike, kisha atiwe sufuriani bila maji. Atatoa maji yake mwenyewe na kugeuka zambarau. Ukimtia maji mwanzo umempotezea ladha.

JikoNg'ambo

Dada BintiWete nakuheshimu sana lakini niseme ukweli wangu. Mimi natoka kazini saa tisa na nusu. Napita Darajani, nanunua kaimati, nanunua sambusa, nanunua mkate wa ufuta, nafika nyumbani nachemsha tambi, basi. Bibi zetu walikuwa na mabinti watano ndani ya nyumba na hakuna aliyekwenda kazini. Tukisema mila zinapotea tuseme pia zilibebwa na mgongo wa nani. Mimi nilikosa masomo ya jioni Ramadhani nzima nikikuna nazi na kaka zangu wako uwanjani wanapiga mpira.

BintiWete

JikoNg'ambo umesema kweli na nimeisoma mara mbili. Hata mimi kaimati nanunua, na kina mama wanaouza pale wanasomesha watoto wao kwa kaimati hizo. Siombi mtu arudi kwenye kinu. Naomba tuandike, kwa sababu kuandika hakuhitaji kukesha. Na kwangu nazi anakuna mwanangu wa kiume, ana miaka kumi na mitatu, na bibi yake mzaa baba alipomuona mara ya kwanza alishtuka. Sasa anamuita yeye akitaka nazi ikunwe laini.

Jirani wa Mkunazini

Nami nichangie kidogo kwa upande wa Wakristo. Krismasi haihami, kwa hiyo Krismasi ya Unguja ni ya embe siku zote. Asubuhi ibada, mchana pilau, na sahani zinatoka kwenda kwa majirani Waislamu kama zao zinavyotujia siku ya Idd. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Inayohama ni Pasaka, kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka jana Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, na mwaka huu tena: Jumatano ya Majivu ni Februari 18 na mwezi unatarajiwa kuandama siku hizo hizo. Mama yangu na jirani yake wa ukuta mmoja wamekubaliana. Ijumaa zetu hatuli nyama, kwa hiyo atapika samaki wa nazi na kupeleka bakuli upande wa pili kabla ya adhana.

MgeniUingereza

Nawasoma nikiwa London na machozi yananilenga.

Kwenu Ramadhani ikihama kinachobadilika ni chakula. Jua la Zanzibar linatua karibu wakati ule ule mwaka mzima, halipishani hata saa. Huku Ramadhani ya Juni 2016 tulifungua baada ya saa tatu usiku, na alfajiri imeingia kabla hujashusha chakula. Hakuna nafasi ya futari na chakula cha usiku na daku. Nilipika kitu kimoja tu, boko boko. Ngano nairoweka jana yake, naiweka jikoni na nyama ya mifupa moto mdogo, mpaka jioni imevurugika yenyewe na inataka kusongwa tu kwa mwiko. Samli juu, vitunguu vilivyokaangwa vikawa vyekundu, na tumbo linatulia mpaka kesho yake jioni. Mume wangu alisema hicho ndicho chakula pekee kilichomfikisha.

Muhogo huku tunaupata wa kugandishwa, majimbi tunapata kwenye maduka ya Wajamaika, tui tunatumia la kopo. Tui la kopo halina uzito wa kasimele na linakatika upesi.

Ninachotaka kusema hasa ni kuhusu likizo. Watoto wetu wanakuja nyumbani Julai na Agosti tu, kwa sababu ndiyo likizo yao ndefu. Mwanangu alifika miaka tisa anaamini Zanzibar hakuna embe. Amekuja mara nne, zote wakati wa kusi! Nilipomleta Disemba 2024 alisimama chini ya muembe kwa bibi yake, akauliza kama zile zote ni zetu. Alikula tano siku ile na usiku akaumwa tumbo, na bibi yake akafurahi kama amefaulu mtihani. Wenzangu wa ughaibuni, mkiweza, msiwalete watoto wakati mmoja tu wa mwaka.

Mpishi_chipukizi

Samahani kwa swali la kitoto. Mkate wangu wa kumimina kila mwaka unakwama. Juu umeiva, katikati uji. Mama mkwe anakuja mwaka huu. Nisaidieni tafadhali.

BintiWete

Si swali la kitoto shoga, mkate huu umewaliza wengi. Huu wa mama yangu: mchele vikombe viwili, uroweke usiku mzima. Ukichukua mchele mpya una maji ndani yake na mkate hautashika, chukua wa zamani. Saga na tui zito kikombe kimoja na robo, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki, mpaka ukigusa kwa vidole usisikie chenga. Ufunike uumuke. Sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja utie baada ya kuumuka, koroga taratibu kwa upande mmoja.

Sufuria iwe na mafuta na iwe moto kabla ya kumimina, usikie sauti unapomimina. Moto wa chini mdogo mpaka pembeni pakaze na vitundu vitokeze juu, ndipo utie makaa kwenye mfuniko, au uhamishie kwenye oveni. Wengi wanaweka moto wa juu mapema, uso unajifunga na mvuke unakosa pa kutokea. Nadhani hapo ndipo unapokwama.

Na hapa tena wakati wa mwaka una kauli. Kaskazi, Februari hivi, unaumuka ndani ya saa moja na ukiusahau unamwagika. Julai na Agosti weka bakuli karibu na jiko na usubiri mara mbili ya muda huo.

Mama wa Mkoani

Anaandika mjukuu wangu, mimi nasema.

Mwanangu BintiWete, marehemu bibi yako Mungu amrehemu. Embe kavu hazijapotea, mimi ninazo kabatini na nilikausha vuli hii iliyopita. Sikiliza.

Chukua embe za kienyeji, zile ndogo zenye nyuzi, si dodo wala boribo, hizo zina maji mengi. Ziwe changa, kokwa imeanza kuwa ngumu lakini kisu bado kinapita kwa nguvu. Zile zinazopukutishwa na upepo zinafaa, usiangue nzuri. Menya, kata vipande vya unene wa kidole cha mwisho. Kwa pishi moja ya vipande tia ukufi mmoja wa chumvi, yaani kiganja kimoja, changanya, funika, zilale. Asubuhi zitakuwa zimetoa maji, yamwage. Usizikamue. Pakaza manjano kidogo, wengine hawatii, mimi natia kwa sababu wadudu hawaipendi.

Anika kwenye uteo, si kwenye bati, bati linazichoma upande mmoja. Jua siku nne, na jua likitua ingiza ndani hata kama mbingu haina wingu, umande unaziharibu kuliko mvua. Vuli mvua inakuja ghafla, kwa hiyo asiyekuwa na mtu wa kukaa nyumbani asianze. Kipande kimekauka ukikikunja kinakunjika na vidole havilowi. Ukisikia kimekatika kwa sauti umepitisha, lakini kinalika. Tia kwenye chupa kavu.

Sasa kupika. Papa mroweke, mchemshe, ondoa ngozi na mchanga. Muhogo chemsha kwa tui la pili na kitunguu mpaka uive kabisa. Ukishaiva ndiyo utie papa na embe. Ukitia embe mwanzo, ukali unaukaza muhogo, utapika mpaka isha na hautalainika. Ndivyo wanavyoharibu na ndimu pia. Kasimele mwisho, moto umeshuka, na usiondoe mwiko mpaka litokote mara moja, ama sivyo litakatika.

Nitakupa chupa moja. Mjukuu wangu anakwenda Wete Alhamisi, ataiacha kwa mama yako, atakuandikia pembeni.

BintiWete

Bibi yangu, sina la kusema. Nimeyanakili yote kwenye daftari neno kwa neno, hata "usizikamue". Mungu akuzidishie afya.

BintiKae

Mimi pia nimenakili. Na nimeanza kuuliza nyumbani kuhusu pepeta, mama mkubwa anakumbuka vipimo. Mpunga ukifika Juni naleta hapa.

BintiWete

Narudi na habari. Leo tumefunga siku ya tatu. Nilipanda boti Ijumaa nikakuta chupa iko mezani kwa mama, imefungwa kwa kitambaa, na mama hajaigusa, ananisubiri. Tumepika wote wawili kama tulivyoelekezwa, muhogo kwanza, embe nyuma, kasimele mwisho. Mwanangu ndiye aliyekuna nazi.

Mama alitia tonge, akatafuna polepole, akatia la pili. Kisha akasema, "Ndiye. Ila chumvi imezidi. Bibi yako alikuwa akiziosha kwanza, mara mbili, kwa maji ya uvuguvugu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwagia."

Mwaka mzima alikuwa haikumbuki hiyo. Nimeiandika: osha mara mbili, maji ya uvuguvugu.